Agor

Andika, binti. Si umekuja na daftari?
Neno ni agor. Herufi nne tu,
limezoea vinywa vyetu kuliko mate.

Kwanza ni kitenzi: kufungua.
Agor mlango, paka analia nje.
Agor dirisha, mkate umeungua.
Agor kinywa ni kupiga miayo,
kama unavyofanya sasa ukidhani sikuoni.

Pili ni mahali. Hapo koleza wino.
Agor ni ukumbi uliochimbwa ndani ya mlima,
mrefu hata mwanga wa mshumaa
huchoka kabla ya kufika darini.
Wengine wana shimo, wana pango, wana handaki;
sisi wa Ffestiniog mahali pa kuchimbia
tulipaita Kufungua,
kana kwamba mlima ulikuwa na bawaba,
kana kwamba kuna aliyebisha hodi.

Ya baba yangu, Elystan, ilikuwa namba kumi na tisa,
ghorofa ya saba. Kwenda chini, binti.
Huku kwetu maghorofa yalizama.
Alining'inia kwa mnyororo uliozungushwa paja,
mshumaa wa shahamu umegandishwa ukutani kwa udongo,
mshumaa alioununua mwenyewe kwa kampuni,
na baruti vilevile, na kamba.
Andika hilo: alilipia
kuliona giza alilolifanyia kazi.

Kabla ya yote aligonga mwamba, akasikiliza.
Ukilia kama kengele, salama.
Ukijibu kama mtu aliyejaza uji mdomoni,
ondoka, koti utalirudia.
Jina la sauti hiyo? Hatukuipa.
Waliolijua vizuri hawakupanda kusimulia.

Mlima haukujifungua. Ulifunguliwa.
Ukatoa vigae vya rangi ya mvua,
vikapangwa kwa ukubwa
na kupewa vyeo vya wake za makabaila.
Kundi la baba lilipasua Duchesi arobaini kabla ya chai,
na hakuna hata mmoja wao
aliyewahi kusalimiwa na Duchesi.

Tatu...
usiandike bado, nivute pumzi.

Mwaka jana daktari, msichana wa watu, Heulwen,
aliwasha kurunzi ndogo kama kalamu,
akasema, "Agor, Bwana Hefin."
Nikacheka mpaka nikakohoa,
nikakohoa mpaka wauguzi wakaja.
Miaka thelathini na mmoja nimeingia za mlima,
leo mtu anaingia yangu,
na mshumaa amepewa bure!
Picha ya kifua akaipachika kwenye taa.
Mle ndani vumbi jeupe, chumba baada ya chumba,
na nguzo chache zilizoachwa kushikilia dari.
Nikamwuliza, hii ni ghorofa ya ngapi?
Hakuelewa. Ametoka mjini.

Kampuni ilipofunga, pampu zilizimwa.
Maji yakapanda polepole,
kama mpangaji mpya asiye na haraka ya kuhamia.
Ya baba sasa ni ziwa ambalo mwezi haulijui.
Bado tunaiita agor.
Neno halikuletewa barua ya kuachishwa kazi.

Nenda pia dukani kwa Mererid.
Kibao chake mlangoni, upande mmoja Ar agor,
upande wa pili Ar gau, yaani pamefungwa.
Upepo wa hapa hukigeuza upendavyo,
basi hatukisomi. Tunasukuma mlango.

Na kaburi? Swali zuri.
Hapana, kaburi huku tunalikata.
Mlima ndio tulioufungua.
Sijui kwa nini; wewe ndiye mwenye daftari.

Haya, chai imeiva.
Nipe mkate ule. Na chupa hii ya jamu,
kifuniko kimekaza, vidole vyangu vimestaafu.
Shika hapa.
Agor.